Picha elfu nane kwenye simu, ya bibi haipatikani

Familia nyingi zinaujua usiku huu. Bibi amefariki alfajiri, maturubai yameshafungwa uani, wazee wanapanga usafiri na mahali pa kuzika. Kisha mmoja wa kamati anauliza: picha ya marehemu iko wapi? Inatakiwa moja ya kuweka kwenye fremu mbele ya jeneza na nyingine ya kwenye ratiba ya ibada.

Hapo simu zinatolewa. Mjukuu mwenye picha elfu nane anasukuma skrini kwa kidole gumba, anapita picha za vyakula, risiti za miamala, salamu za asubuhi njema na vichekesho vya kwenye makundi. Shangazi anakumbuka kwamba ipo moja nzuri sana ya Pasaka ya mwaka juzi, bibi akiwa na kitenge cha bluu, anacheka. Aliyeipiga ni mtoto wa mjomba, na simu yake iliibiwa Kariakoo. Iliwahi kutumwa kwenye kundi la ukoo, lakini wengi walishafuta picha za kundi simu zilipojaa.

Saa sita usiku inachukuliwa picha ndogo ya kitambulisho. Asubuhi inapelekwa kwa fundi wa stesheneri, anaikuza, na inatoka imefifia, uso kama umepakwa maji. Ndiyo picha ambayo familia itaitazama ukutani kwa miaka ishirini ijayo.

Hakuna aliyekosea usiku ule. Kosa lilifanyika kidogo kidogo kwa miaka mingi, katika nyumba ambayo kila mtu anapiga picha lakini hakuna anayezitunza.

Watu ambao hawawezi kumudu usiku wa namna hiyo ni wapiga picha wa kazi. Bibi harusi akirudi baada ya miaka sita kuomba picha aliyopiga na baba yake ambaye sasa ni marehemu, mpiga picha hawezi kumwambia simu ilijaa. Ndiyo sababu wanapochagua programu ya kompyuta ya kupanga na kuhariri picha, wanachokitafuta ni tofauti na kinachotangazwa. Matangazo husifia rangi za kuvutia na madoido. Wao huuliza mambo matano ya kawaida kabisa: itanisaidia kuchambua haraka? Nitaipata picha baada ya miaka? Nikihariri, ile ya asili itabaki salama? Nitakuwa na nakala ngapi? Na siku programu yenyewe ikifa, nitaweza kutoka na picha zangu?

Mzazi mwenye simu ya kawaida anahitaji majibu ya maswali hayo hayo.

Kazi huanza kwa kutupa

Mpiga picha wa harusi anaweza kurudi nyumbani Jumamosi usiku na picha elfu mbili au zaidi. Wateja hawatapewa zote. Kabla ya kugusa rangi hata ya picha moja, anakaa na kuchambua: hii amefumba macho, hii imetikisika, hizi kumi zinafanana, inabaki moja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza anachodai kwa programu ni kasi. Programu inayoitwa Photo Mechanic imependwa kwa miaka mingi na wapiga picha wa magazeti na michezo kwa sababu hiyo tu. Haina madoido ya maana, lakini inafungua picha moja baada ya nyingine bila kusubirisha, na mtu anaweka alama kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lightroom ya Adobe, iliyotoka rasmi mwaka 2007, nayo ina alama za kuchagua na kukataa, pamoja na nyota moja hadi tano za kupima ubora.

Nyumbani mambo huenda kinyume. Mtoto akizima mishumaa ya keki, mzazi anabonyeza mara thelathini, na zote thelathini zinabaki. Mwaka ukiisha simu imejaa, na hapo watu hufuta kwa hasira: wanachagua mwezi mzima na kubonyeza futa, nzuri na mbaya zikienda pamoja. Anayefuta kwa sababu simu imejaa huwa hachagui tena, anatafuta nafasi tu.

Uchambuzi wa mpiga picha hufanyika mapema, kumbukumbu ikiwa mbichi. Mzazi anaweza kuufanya jioni ya siku ile ile, wakati anasubiri wali uive. Katika picha thelathini za keki, abakize tatu: moja ya mtoto peke yake, moja ya watu wote, na moja iliyonasa kitu ambacho hakikupangwa, kama babu aliyesinzia kwenye kiti. Hiyo ya tatu mara nyingi ndiyo watu huja kuipenda zaidi. Zile tatu aziwekee alama ya moyo au nyota, ambayo iko kwenye karibu kila programu ya picha ya simu. Baada ya mwaka, kubonyeza sehemu ya vipendwa kutamletea mwaka mzima wa familia yake bila risiti hata moja.

Nyuma ya picha palikuwa na maandishi

Jambo la pili ni kuipata picha. Wazee walilijua hili kabla ya kompyuta. Geuza picha yoyote ya zamani iliyo kwenye albamu ya mama na huenda nyuma yake ukakuta wino wa kalamu: kwa ukumbusho, jina la mji, mwezi na mwaka. Maandishi yale machache ndiyo yanayomwezesha mjukuu kujua kwamba kijana aliyevaa suruali pana ni babu yake.

Picha ya kidijitali nayo ina mgongo wake, ila hauonekani kwa macho. Kamera huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya kifaa na, ikiwa imeruhusiwa, mahali picha ilipopigwa. Wapiga picha huongeza mengine wenyewe: majina ya watu, tukio, maneno ya kutafutia. Programu nzuri kwao ni ile inayoandika maneno hayo kwa namna ambayo programu nyingine pia itaweza kuyasoma, ili kazi ya miaka isifungiwe ndani ya chombo kimoja.

Hapa WhatsApp, ambayo ndiyo albamu ya familia nyingi za Afrika Mashariki, ina kasoro ambayo wazazi wengi hawaijui. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa ili isile bando, na maelezo yake ya ndani huondolewa. Kwenye simu za Android hupewa jina jipya lenye tarehe ya kutumwa, si ya kupigwa. Picha ya ubatizo wa mwaka 2012 iliyotumwa leo itapangwa kama ya leo.

Kupunguzwa huko ndiko pia kunakoharibu picha kwa fundi wa stesheneri. Ili ichapishwe vizuri kwa inchi 8 kwa 10, picha inafaa iwe na pikseli kama 300 kwa kila inchi, yaani takriban 2,400 kwa 3,000. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa zaidi ya hapo. Kinachofika kwenye kundi la ukoo baada ya kupita mikononi mwa watu watatu mara nyingi hakifikii hata nusu.

Tangu Agosti 2023 WhatsApp ina alama ya HD inayotuma picha ikiwa na ubora zaidi. Njia iliyo salama zaidi ni kuituma kama dokumenti, maana hapo faili huenda lilivyo. Kwa picha ya chakula cha mchana haina haja. Kwa picha ya bibi amekaa na vitukuu wake wote, ni vyema kuutumia huo uzito wa bando.

Namna ya kupanga inaweza kuwa rahisi sana. Wapiga picha wengi hutumia folda zinazoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha tukio: 2024-12 Krismasi Moshi, 2025-03 Mahafali ya Neema. Zikianza na namba, kompyuta na simu huzipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Mzazi hana haja ya folda mia. Matukio sita au saba kwa mwaka yanatosha kubeba historia ya nyumba.

Ile ya asili haiguswi

Mtu asiyeujua uhariri wa kitaalamu hudhani mpiga picha huichukua picha na kuibadilisha. Kwa hakika wengi hawaigusi kabisa. Programu kama Lightroom huandika maagizo pembeni: ongeza mwanga kidogo, kata upande wa kushoto, punguza wekundu. Picha inapooneshwa, maagizo yanafuatwa, lakini faili la asili limebaki lilivyotoka kwenye kamera. Miaka kumi baadaye mtu anaweza kufuta maagizo yote na kuanza upya.

Kwa wapiga picha wa habari hili ni suala la heshima ya kazi. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press lilivunja uhusiano na mpiga picha wake mmoja baada ya kubainika kwamba aliondoa kamera ya mwenzake katika picha ya vita nchini Syria. Kitu kilichoondolewa kilikuwa kidogo, pembeni kabisa mwa picha. Shirika lilionesha picha zote mbili, ya asili na iliyobadilishwa, ili wasomaji waone wenyewe.

Picha ya familia haiko chini ya sheria hizo, na si dhambi kuondoa ndoo iliyoharibu mandhari. Lakini simu za sasa zinaweza kumfuta mtu mzima kwa kidole kimoja, na nyumbani wanaofutwa huwa na majina. Ndoa ikivunjika, baba anakatwa kwenye picha ya siku mtoto aliyozaliwa. Ndugu wakigombana shamba, mjomba anaondolewa kwenye picha ya harusi. Mzazi anaweza kuwa na sababu zake, na hakuna anayelazimishwa kumtazama mtu aliyemuumiza kila akifungua simu.

Ila picha ile si ya mzazi peke yake. Mtoto akifika miaka kumi na minane anaweza kuuliza kama baba yake aliwahi kumpakata. Njia ya mpiga picha inasaidia hapa: hariri nakala, ile ya asili iweke mahali pake. Kwenye iPhone, picha iliyohaririwa ndani ya programu ya Photos inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Google Photos nayo hutoa nafasi ya kuhifadhi mabadiliko kama nakala mpya. Ni kubonyeza kidogo tu kunakoacha mlango wazi kwa mtoto.

Rangi ya mtoto si kasoro

Kuna dai jingine ambalo wapiga picha wanaopiga watu weusi wamelipigania kwa muda mrefu: programu isiwabadilishe watu rangi.

Tatizo hili ni la tangu enzi za filamu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Mashine ikishapangwa kwa uso wake, nyuso nyeusi zilitoka kama kivuli chenye meno na macho. Mambo yamebadilika polepole. Oktoba 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo iliouita Real Tone, uliotengenezwa kwa kuwashirikisha wapiga picha waliobobea katika kupiga watu wa rangi mbalimbali, ili kamera isome ngozi nyeusi ipasavyo.

Wakati huo huo, programu nyingi za bure za kurembesha bado huanza na jambo moja: kung'arisha ngozi. Mzazi anambonyezea mtoto wa miaka mitano kichujio, na mtoto anarudi mweupe zaidi, pua nyembamba, macho makubwa. Kisha mtoto mwenyewe anaoneshwa: tazama ulivyopendeza.

Watoto husikiliza. Akioneshwa mara ishirini kwamba hupendeza akiwa mweupe, hahitaji kuambiwa kwa maneno. Mpiga picha mzuri hutafuta mwanga badala ya kubadilisha ngozi: anamsogeza mtoto karibu na dirisha au chini ya kivuli cha mti saa kumi jioni, anabonyeza kwenye uso ili kamera ipime mwanga pale, si kwenye ukuta mweupe ulio nyuma. Kama baadaye picha bado ina giza, anaongeza mwanga, na weusi wa mtoto unabaki ule ule.

Programu nazo hufa

Zamani picha ya familia ilikuwa na ulinzi ambao watu hawakuufikiria sana. Mtu alipopiga picha studio, alirudi nyumbani na karatasi, na studio ikabaki na negativu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mfano wa studio ambazo picha zake za miongo iliyopita bado zinatazamwa leo. Karatasi ya nyumbani ikiliwa na mchwa, kulikuwa na matumaini kwamba fundi ana nyingine.

Leo studio hiyo imehamia mfukoni, na mwenye simu ndiye mtunza negativu. Wengi wamemkabidhi kazi hiyo programu fulani wakidhani itadumu. Wapiga picha wameshaumwa na nyoka huyo mara kadhaa.

Apple ilitoa programu yake ya wapiga picha, Aperture, mwaka 2005. Mwaka 2014 ilitangaza kuacha kuiendeleza, na waliokuwa wamepanga picha zao za miaka tisa humo walianza kutafuta pa kuhamia. Picasa, iliyopendwa na familia nyingi kwa kuwa ilikuwa ya bure na nyepesi, iliachwa na Google mwaka 2016. Google Photos ilianza Mei 2015 kwa kuwapa watu nafasi ya bure isiyo na kikomo kwa picha zilizopunguzwa ubora kidogo. Ofa hiyo ilikoma Juni 1, 2021. Tangu hapo picha mpya zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, ambazo pia zinabeba barua pepe na nyaraka. Adobe nayo mwaka 2017 iliacha kutoa matoleo mapya ya Lightroom ya kununua mara moja, na sasa wateja hulipia kwa mwezi au mwaka.

Liko pia tukio la Agosti 2020. Toleo jipya la Lightroom kwa iPhone na iPad lilifuta picha na mipangilio ya baadhi ya watumiaji ambayo haikuwa imepandishwa mtandaoni. Adobe iliomba radhi na kutoa marekebisho haraka, lakini ilieleza kwamba vilivyopotea haviwezi kurejeshwa. Waliopona ni wale waliokuwa na nakala mahali pengine.

Kwa sababu hizo wapiga picha hawaulizi ni programu gani ya kuamini. Wanapanga mambo yao kana kwamba kila programu itakufa siku moja. Kanuni inayotumika sana ni ile iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila picha muhimu, katika aina mbili tofauti za hifadhi, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba.

Kwa familia ya kawaida hesabu hiyo si kubwa. Nakala ya kwanza iko kwenye simu. Ya pili iwekwe kwenye diski ya nje au kompyuta. Ya tatu iwe mtandaoni, au kwenye flashi iliyo kwa dada anayeishi mkoa mwingine. Nyumba ikiungua, mafuriko yakiingia, au mwizi akibeba kompyuta pamoja na diski iliyokuwa kando yake, nakala ya kwa dada inabaki. Flashi peke yake haitoshi, kwa kuwa huharibika, huingia virusi na huazimwa isirudi.

Nayo karatasi isidharauliwe. Kuchapisha picha ishirini kila mwisho wa mwaka na kuzipanga kwenye albamu, na maandishi nyuma yake, ni nakala isiyohitaji chaji wala nenosiri.

Anayeona nani?

Maelezo yale ya ndani yanayosaidia kuipata picha yanaweza pia kumsaidia mtu asiyetakiwa. Kama simu imeruhusiwa kuandika mahali, picha ya mtoto mlangoni ina alama ya nyumba ilipo. Ikitumwa kama dokumenti, alama hiyo huenda nayo. Kwa shangazi ni sawa. Kwa kundi la watu mia mbili ambao mzazi hawajui wote, inafaa kuzima ruhusa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera, au kuondoa maelezo hayo kwanza.

Sheria nazo zimeanza kuliangalia jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za nchi hiyo kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Mzazi ana haki ya kuiuliza shule, kituo cha kulelea watoto au mpiga picha wa mahafali: picha hizi zitawekwa wapi, na nani atazitumia?

Swali hilo hilo mtoto anayekua anaweza kumuuliza mzazi. Binti wa miaka kumi na mbili ambaye picha yake akiwa uchi ndani ya beseni bado iko kwenye ukurasa wa mama ana haki ya kusema imuaibishe nani. Mpiga picha wa kazi humwomba mtu ruhusa kabla ya kutangaza uso wake. Mtoto wa nyumbani anastahili si chini ya hapo.

Nenosiri la baba

Liko jambo la mwisho ambalo watu hawapendi kulizungumza. Picha za familia nyingi ziko kwenye simu ya mtu mmoja, na simu hiyo imefungwa kwa alama ya kidole chake. Siku akiondoka ghafla, picha zinaondoka naye. Fundi simu anaweza kuifungua kwa kuifuta kila kitu, na hilo halimsaidii mjane.

Google ina sehemu ya kuchagua mtu atakayepewa taarifa na mafaili iwapo akaunti haitatumika kwa muda fulani. Apple tangu Desemba 2021 inamruhusu mtu kuteua mrithi wa akaunti yake. Hili lina haraka zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Familia inayomaliza eda au arobaini, kisha ikachelewa kushughulikia simu ya marehemu, inaweza kukuta picha hazipo.

Kuteua mtu huchukua dakika kumi. Kumwambia mume au mke, au mtoto mkubwa, kwamba picha zetu ziko hapa na hapa, huchukua dakika mbili.

Saa moja ya Jumapili

Hakuna programu itakayoifanyia familia kazi hii yote. Simu inaweza kutambua nyuso na kuzikusanya pamoja, lakini haijui kwamba uso ule ni wa dada wa babu aliyemsomesha baba. Hilo linajulikana na mtu mmoja au wawili, na wamezeeka.

Mzazi anayetaka kuanza anaweza kutenga saa moja Jumapili hii. Nusu saa ya kwanza achague picha hamsini tu, zile ambazo angelia zikipotea, na kuzinakili mahali pawili nje ya simu. Zilizobaki elfu saba na kitu zinaweza kusubiri.

Nusu saa ya pili ampelekee bibi albamu ya zamani, akae naye na kuuliza: huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani? Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kisha kila picha ipigwe kwa simu karibu na dirisha, bila flashi ya kamera ili isimetemete. Mjukuu anaweza kuwa ndiye mwandishi.

Kabla ya kuondoka, amwombe bibi akae mlangoni kwenye mwanga, na kitenge chake cha bluu. Picha hiyo apewe jina na tarehe, na itumwe kwa shangazi wote kama dokumenti siku hiyo hiyo.